Fidia Yetu na Chumba cha Mwenzangu

Tarehe 6 Septemba. Leo ni miaka kumi na moja na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kwanza unisamehe mwandiko, kwa sababu shule niliishia darasa la nne vita vilipoingia, na tangu hapo mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Mimi ni fundi wa vigae. Napanga vigae kwenye majengo ya ghorofa mbali sana na kwetu, siku sita kwa wiki, magoti yangu yameota sugu kama ya ngamia, na gazeti lako nalipata kwa sababu tunalitandika chini tusichafue kazi iliyokwisha. Ndivyo nilivyoanza kukusoma, nikiwa nimepiga magoti na picha yako ikiwa na saruji puani. Usinielewe vibaya, nilikufuta.

Jambo langu linahusu fidia. Huko kwetu serikali imefungua ofisi ya kuwalipa watu waliohamishwa kwa nguvu wakati wa vita, na sisi tulihamishwa, nikiwa na miaka kumi, na tangu siku hiyo imepita miaka ishirini na minane. Mtaa wetu ulikuwa kando ya reli. Asubuhi moja likaja lori lenye kipaza sauti likasema kila mtu atoke kabla ya saa sita mchana, abebe anachoweza, ufunguo auache mlangoni. Baba alikuwa fundi baiskeli, karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, na siku hiyo baiskeli tisa za wateja zilikuwa zimening'inia darini. Alitaka kuzitoa, askari akamwambia, "Mzee, toa watoto, baiskeli hazina roho." Baba akaondoka na pampu mkononi, mpaka leo sijui kwa nini pampu, na hadi anakufa hakuwahi kuililia nyumba yake, alizililia baiskeli za watu. "Nitawaambia nini wenyewe?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake, wakati wa kula, wakati wa kulala, na hata pale kitandani alipokuwa anakata roho alimwuliza mama hivyohivyo.

Tulishushwa upande wa pili wa mji tukapewa kadi yenye namba ya nyumba. Tulipoifungua hiyo nyumba tukakuta watu wametoka muda si mrefu. Chakula kilikuwa mezani, kimekauka kwenye sahani, kijiko bado kimesimama ndani ya bakuli. Kitambaa cha kufutia mikono kilikuwa na unyevu. Wenyewe nao walikuwa wamehamishwa, wao walipelekwa upande gani hatukujua, ndivyo mpango ulivyokuwa, wa huku wapelekwe kule na wa kule waletwe huku, mtu asibaki alipozoeana na majirani.

Sasa sikiliza alichofanya mama, mshauri. Kabla hajafungua hata fundo la nguo zetu, alikunja mikono ya gauni akaanza kukusanya. Akaosha zile sahani. Akakusanya vitanda, magodoro, mashine ya kushona, sufuria, picha za ukutani, viatu vya watoto, na vyombo vya kazi vya mwenye nyumba, ambaye bila shaka alikuwa mwashi, na vyote akavipeleka chumba cha nyuma. Kaka yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na saba, akasema, "Mama, vitanda tuviache, tutalalia nini?" Mama akamjibu, "Tutalalia sakafu. Kitanda kina mwenyewe." Baba akasema ni siku chache tu. Mama akafunga chumba, ufunguo akautia kwenye kamba shingoni, na siku chache zile ndizo hizi, miaka ishirini na minane.

Tulilala sakafuni mwaka mzima, vitanda vitatu vikiwa vimeegemezwa ukutani kwenye kile chumba cha nyuma. Mtaani kila mtu alikuwa anatumia alichokikuta, wengine walitembea na makoti ya watu wasiowajua, wakamcheka mama wakampa jina, Mama Funguo, na jina likakaa mpaka leo hata muuza maji anamwita hivyo. Nasi watoto tulimwonea aibu, nasema ukweli. Kaka alikuwa akisema, "Wenzetu mama zao wamewapa kuku, sisi mama yetu ametupa kanuni."

Na kila Alhamisi, akishaanika nguo, mama hufungua kile chumba, hufagia, hufuta vumbi, halafu husimama katikati akahesabu kwa sauti kana kwamba mwenye nyumba mwanamke amekaa pale anamsikiliza. Hajui kusoma wala kuandika, kila kitu kimo kichwani. Anamwita Mwenzangu. "Mwenzangu, vitanda vitatu. Magodoro mawili, la tatu limeliwa na panya, unisamehe. Sahani kumi na moja, ya kumi na mbili niliivunja mwaka wa mafuriko, nitailipa. Mashine ya kushona moja, nimeitia mafuta." Anakwenda hivyo mpaka kitu cha mwisho kabisa, ambacho ni mwavuli.

Mshauri, mwaka huu ndipo ofisi ya fidia ilipofunguliwa na mambo yakaharibika. Nyumba yetu ya kando ya reli haipo, kaka alikwenda akakuta ni uwanja wa kuegesha malori, hakuna hata tofali. Na karatasi hatuna. Karani akamwambia kaka, bila ushahidi ni hadithi tu. Kaka akamchukua mama akampeleka, basi tu, kama mtu anayejaribu bahati. Karani akamwuliza mama, "Mama, nyumba yako ilikuwaje?" Mama akamwambia achukue kalamu. Akaanzia mlangoni. Akasema kizingiti kilikuwa na ufa wa upande wa kushoto, ukiingia kuna ndoano tisa za baiskeli darini, ya nne imepinda, hatua tisa mpaka mlango wa pili, dirisha la jikoni kioo cha chini ni cha rangi ya kijani kwa sababu cha kwanza kilivunjwa na mpira, na akaendelea mpaka akatokea uani, akahesabu kamba za kuanikia. Halafu akazitaja baiskeli tisa, moja moja, rangi yake, ubovu wake, na mwenyewe: ya posta ya yule tarishi, ya mwalimu wa hesabu, ya bibi harusi iliyoletwa kupakwa rangi. Karani aliandika kurasa nne. Wiki ya pili akamwita tena akamwuliza upya kutoka uani kurudi mlangoni, kinyumenyume, amtege. Mama akarudi kinyumenyume bila kukosa hata ndoano. Kaka aliponisimulia kwenye simu sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema, "Mdogo wangu, karani aliweka kalamu chini akasimama. Alisimama, wallahi, kama kaingia mkubwa wake. Na mama anatafuta kiatu chake chini ya meza."

Kwa hiyo dai letu limekubaliwa kusikilizwa, watatuandikia. Lakini fomu ina kisanduku cha saba, na hapo ndipo niliposhikwa pabaya. Kinauliza, nyumba mliyopewa, mlipoingia mlikuta mali ya mtu? Ukijibu hapana, nyumba inahesabiwa ilikuwa imetelekezwa, nanyi mnaandikishwa kuwa wenyewe, na fidia ya ile iliyobomolewa mnalipwa pia. Ukijibu ndiyo, nyumba inaingizwa kwenye orodha ya wanaotafutwa wenyewe, na wakipatikana, hamjui mtakuwa wapi. Tarehe 29 mwezi huu wahakiki wanakuja kuangalia.

Kaka amejaza hapana. Na baiskeli tisa ameziandika zote kuwa zetu. Amenitumia fomu huku niliko kwa sababu warithi wote lazima tuweke sahihi. Na ameniomba jambo jingine. Mama hawezi kutoka nyumbani kwa siku zaidi ya moja kwa sababu ya chumba chake, lakini nikimwomba mimi atatoka, kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba na niko mbali. Kaka anataka nimpigie nimwambie akamwangalie mama mdogo ambaye mguu unamsumbua, akae siku tatu, na katika siku hizo kaka atavunja kufuli na kuondoa kila kitu kwa mkokoteni, wahakiki wakija wakute chumba cheupe, hakina kitu.

Nilimwambia kwenye simu, "Kaka, mama atakufa."

Akasema, "Hatakufa. Atanuna. Na mimi nina watoto watano humu ndani, mke wangu ana mimba, niambie, mwenye nyumba akija na karatasi yake, nitawatundika kwenye ndoano za baiskeli? Na zile ndoano zenyewe ziko wapi? Vyetu nani alivitunza? Malori yamesimama juu ya jiko la mama!" Akaongeza, "Bora lawama kuliko fedheha, mdogo wangu. Wewe uko huko unapanga vigae vya matajiri, mimi ndiye ninayeishi na funguo."

Hakukosea, na ndiyo maana niliweka sahihi. Naandika ili ujue unazungumza na mtu wa aina gani. Nimeweka sahihi, bahasha iko chini ya godoro langu, sijaituma, na mama bado sijampigia.

Sababu ya kutoituma ni hii, na hii sijamwambia mtu yeyote. Nilipoondoka nyumbani miaka kumi na moja iliyopita sikuwa na kazi wala chombo cha kazi. Fundi asiye na chombo hapokelewi. Siku ya Alhamisi mama alipokwenda kumwaga maji ya kufagilia, aliacha mlango wazi, nikaingia, nikachukua pimamaji ya yule mwashi, ile ya kupimia kama kazi imenyooka. Ni ya mbao nyeusi na shaba, urefu wa mkono, kioo chake kina povu dogo safi kabisa, na pembeni kuna herufi mbili zilizochomwa kwa msumari wa moto. Niliifunga ndani ya suruali nikapanda basi. Hiyo pimamaji ndiyo iliyonipa kula. Wenzangu wana za kisasa zenye taa, lakini msimamizi anapotaka kumaliza ubishi husema, "Leteni ile ya babu," ndiyo yangu. Kila sakafu niliyolaza miaka kumi na moja imelazwa na kitu nilichokiiba chumba cha mama yangu, na nilijipa moyo kwamba kati ya vitu vyote vile hataona.

Mwezi uliopita, Alhamisi, nilimpigia simu dada yetu anayeishi na mama, saa ya chakula. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya tano, mkate mkononi. Dada alikuwa ukumbini, mlango wa chumba uko wazi, na mama alikuwa katikati ya kuhesabu, nikamwambia dada, hebu nyamaza nisikie sauti yake. Nikamsikia. "Mwiko mmoja. Nyundo mbili. Timazi moja, kamba yake nimeibadilisha. Pimamaji moja, ya mbao na shaba. Iko kazini na mwanangu. Itarudi. Mwavuli mmoja, umechanika, nimeushona."

Mshauri, mkate uliniponyoka. Nilimwuliza dada, tangu lini anasema hivyo? Akasema, "Tangu ulipoondoka. Kwani si yeye aliyekuazima?"

Nikasema ndiyo. Niliongopa hapohapo.

Kila Alhamisi, mshauri, miaka kumi na moja. Nimejaribu kupiga hesabu ni mara ngapi nikashindwa. Ametazama mahali palipo wazi akamwambia mwanamke asiyemjua kwamba kitu chake kiko salama mikononi mwangu. Hakunitaja kwa watu, hakuniuliza, hakunikemea hata siku moja kwenye simu, huuliza tu, "Kazi inanyooka?" nami hujibu inanyooka. Nimefanya kazi na wahandisi, nimeona mashine inayoinua nyumba nzima, nimeona mnara ambao kilele chake kinaingia mawinguni, hakuna kilichonitia hofu ya heshima kama yule mwanamke mfupi mwenye ufagio. Sasa nikiinua pimamaji kazini povu linakataa kukaa katikati, na wenzangu wanauliza, "Fundi, una homa?"

Basi niambie nifanye nini. Nikituma fomu, kaka na watoto wake wana nyumba na fidia, na mama naye nimemvunja. Nisipotuma, tarehe 29 itapita bila sahihi yangu na dai lote linafungwa, baba ameondoka bure na baiskeli zake. Nikimwambia mama habari ya pimamaji, nitasema nini ambacho hakijui? Na nikirudi, nirudi na uso upi?

Kurudi nategemea tarehe 15 Desemba, tukishamaliza ghorofa ya sita, kama mvua haitatuchelewesha.

Fundi wa Vigae

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu fundi, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama, na sasa namwelewa yule karani.

Lakini pole nimeshakupa, tuingie kazini. Unaniomba ushauri kuhusu sahihi ambayo umeshaiweka. Huko si kuomba ushauri, ni kuomba baraka, na baraka za uongo mimi sigawi. Toa bahasha chini ya godoro, chana fomu vipande vipande, leo, kabla hujala. Ukishachana endelea kusoma.

Umechana? Haya.

Kaka yako usimwite mwizi hata moyoni. Ni baba wa watoto watano na wa sita yuko njiani, amelala sakafuni akiwa na miaka kumi na saba karibu na vitanda vitupu, na hakuna aliyemwomba radhi kwa hilo. Hofu yake ni ya haki. Dawa aliyoichagua ndiyo sumu, na nitakuonyesha kwa nini kwa lugha ya pesa na nyumba, maana ya dhamira mnaijua wote wawili.

Dai lenu lina ushahidi gani? Karatasi hamna. Tofali hamna. Shahidi wenu ni mdomo wa mama yenu, basi. Ofisi imeandika kurasa nne kwa kuamini kwamba mwanamke huyu hakosei na hasemi uongo. Sasa wahakiki waje, wakute chumba cheupe kilichofagiliwa, na ukutani alama za vitanda vilivyoegemea hapo miaka ishirini na minane. Kisha wamgeukie mama wamwulize, "Hapa mlikuta kitu?" Unadhani atajibu nini? Wewe uliyemsikia akiungama sahani moja iliyovunjika mwaka wa mafuriko, unadhani atajibu nini? Akisema kweli, fomu yenu ni uongo. Na mkimfunga mdomo kwa nguvu, mmemuua shahidi wenu wa pekee kwa mikono yenu, na kurasa nne zinakwenda pipani. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yenu haifiki hata getini. Mwambie kaka yako hivyohivyo. Mpigie yeye kwanza, kabla ya mama, na umwambie umechana.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Mwenye nyumba akipatikana, mnaweza kuambiwa mtoke. Nimeyaona hayo, yanauma. Kwa hiyo msiende kule na ndiyo peke yake kama kondoo. Chukueni fomu mpya, jazeni ndiyo, na palepale ambatisheni barua mkiuliza kwa maandishi: mwenyewe akipatikana, familia yenye watoto itakaa wapi mpaka fidia yao ilipwe? Ombeni msitolewe kabla ya kulipwa. Dai jibu lenye muhuri, usikubali la mdomo, ninyi si familia ya Mama Funguo? Mdomo wa karani hauna kumbukumbu ya mama yenu.

Baiskeli tisa ziandikeni kwa wenyewe. Tarishi ana watoto, mwalimu wa hesabu ana wajukuu, bibi harusi huenda yu hai anasimulia baiskeli yake hadi leo. Watafuteni, waje kama mashahidi wenu. Mtu aliyewahi kuacha baiskeli yake kwenye ndoano ya nne iliyopinda ndiye mtu anayeweza kuapa kwamba nyumba ilikuwepo. Kaka yako alitaka kuzimeza baiskeli zile, kumbe ndizo zinazoweza kuwabeba. Na baba yenu swali lake litapata jibu, japo kwa kuchelewa. Mtawaambia nini wenyewe? Mtawaambia zimeandikwa.

Mwombeni karani aje Alhamisi, si siku nyingine. Akae kwenye kiti ukumbini pamoja na majirani wawili wa zamani, mama ahesabu kama anavyohesabu siku zote, karani aandike. Orodha iwekwe sahihi na kila aliyesikia. Sijui kama ofisi yenu imewahi kupokea dai la mtu aliyetunza mali ya mwingine huku yake ikisagwa na malori. Nadhani haijawahi. Na kama mahali fulani upande ule yule Mwenzangu yu hai, na akaonyeshwa orodha hiyo, yenye godoro lililoliwa na panya na sahani moja inayodaiwa, napenda kuamini mazungumzo yake na kaka yako hayataanza kwa kufukuzana. Siwezi kukuahidi. Najua tu kwamba kwa mtu aliyekuta chumba cheupe hakuna mazungumzo kabisa.

Sasa wewe. Mficha uchi hazai. Umekaa na aibu yako miaka kumi na moja ukidhani unamficha mama, kumbe yeye ndiye aliyekuficha. Aliubadilisha wizi wako ukawa mkopo, akakudhamini kwa mwenye mali kila wiki bila kukuomba hata asante, na riba aliyokutoza ni swali moja tu, kazi inanyooka? Usithubutu kumjibu hilo tena kwa simu.

Unauliza urudi na uso upi. Huo ulio nao, uoge tu utoe saruji. Desemba ni mbali mno, wahakiki hawakungoji na ghorofa ya sita haina mama ndani yake. Kama msimamizi atakunyima ruhusa, mwambie mwenye pimamaji anaihitaji. Usiitume kwa dereva wa basi wala usiifunge kwenye sanduku. Ilitoka ndani ya suruali yako, irudi mkononi, hadharani.

Panda basi Jumanne, ufike kabla ya Alhamisi. Ukifika usalimie kama mtu, ule, ulale. Alhamisi mama akishaanika nguo, fuata nyuma yake, simama mlangoni pa kile chumba, kimya, mkono nyuma. Usitoe hotuba ya samahani, umri wake si wa kusikiliza hotuba. Mwache aanze na vitanda. Mwache apite sahani, mashine, mwiko, nyundo mbili, timazi. Akifika kwenye pimamaji na kutazama palipo wazi, nyoosha mkono umpe, aiweke mwenyewe mahali pake.

Halafu usiseme neno, hata kama unalia. Mwache amalize, maana bado kuna mwavuli.